Nyumba ya wazee Kisumu, ya Nakuru, ama mzee akae tu nyumbani Vihiga? Venye sisi tulilinganisha

Kwanza niseme tulikuwa tunamtafutia nani, juu hapo ndio kila kitu kinaanzia. Mama ana miaka 79, alipigwa na stroki ikachukua upande wote wa kulia, hawezi kujigeuza kitandani, anameza polepole, na maneno machache yenye yalibaki mengi ni Kimaragoli. Baba Mkubwa naye ana 83, mwili uko imara kunishinda, anaweza toka Mbale na miguu hadi Chavakali bila kupumzika, na shida yake ndio hiyo hiyo, kutembea, akili imesahau njia ya kurudi. Jioni jua likishuka anaanza kuuliza fimbo yake iko wapi ati anataka kwenda kwao, na ako kwao, amekaa kwa kiti chake.

Wazee wawili boma moja, na sisi watoto tumetawanyika, wawili Nairobi, mmoja Kakamega, mimi niko Nakuru pale Free Area. Tulianza tukidhani tunatafuta nyumba moja nzuri ya kuwaweka wote wawili. Hapo tulikosea na ilituchukua miezi kujua.

Jambo dogo kabla sijaendelea: ukiuliza nasing homu huku kwetu utaelekezwa hospitali ndogo ya watu kujifungulia. Mimi nilipanda boda Kondele nikashukishwa kwa geti ya maternity. Uliza nyumba ya wazee, na bado uliza kama wanachukua mzee mwenye hajiwezi, maana kuna zenye zinachukua tu wale wanaojiosha na kujilisha wenyewe.

Na kuna lile la aibu. Shangazi alituambia kumpeleka mama kwa nyumba ya wazee ni kumtupa. Sikumjibu siku hiyo lakini nimelifikiria sana. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 57 inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kutoka kwa serikali. Haijasema matunzo hayo lazima yawe chini ya mabati ya nani. Mama alipata kidonda akiwa nyumbani kwake, kwa kitanda chake, huku tukijisifu hatujamtupa.

Basi nianze na hiyo ya nyumbani. Tulikaa nayo miezi saba. Tuliajiri dada mmoja mlezi, mtu mzuri wa roho safi, anampenda mama, anamwimbia. Mzuri wa nyumbani ni kwamba mama alikuwa anasikia kuku wake, majirani wanaingia na salamu, mirembe, anaitikia hata na kichwa, uji wa wimbi ni wa shamba letu, na kila mtu anaongea lugha yake. Hakuna nyumba yoyote niliyotembelea inaweza kukupa hiyo. Lakini wiki ina saa 168. Mtu mmoja hawezi. Sheria ya ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba, na hata bila sheria mtu lazima alale, na mzee asiyejigeuza anafaa kugeuzwa karibu kila saa mbili, usiku pia, ndio asipate vidonda vya kulalia upande mmoja. Mlezi wetu alikuwa anamgeuza mchana vizuri kabisa, usiku analala kwa sababu yeye si mashine, na kufika mwezi wa tano tukapata kidonda pale juu ya makalio, kwa ule mfupa wa mkia, kilianza kama wekundu tu ukibonyeza haupotei, wiki mbili baadaye ni kidonda cha ukubwa wa shilingi ishirini na kina shimo. Simlaumu dada hata kidogo, sisi ndio tuliweka mtu mmoja kwa kazi ya watu watatu. Kama unaenda na njia ya nyumbani kwa mzee wa kitandani, hesabu walezi wawili kwa zamu na mtu wa tatu wa familia wa kushika siku za off, halafu ndio ulinganishe hiyo gharama na ya nyumba ya wazee, usilinganishe na mshahara wa mtu mmoja.

Sasa hizo nyumba mbili. Majina nitaziacha, haja yangu ni uone tulikuwa tunaangalia nini. Ya kwanza iko nje kidogo ya Kisumu ukipita Mamboleo, kubwa, ukuta mrefu, bustani ya miti, wazee 24 siku tulienda. Ya pili iko Nakuru upande wa Lanet, ni nyumba ya kawaida ya familia imegeuzwa, vyumba vitano, wazee 11, veranda ndogo, kiwanja hakuna cha kusema.

Ya Kisumu ilitushika roho mara moja. Taili zinang'aa, rampu kwa kila mlango, vyuma vya kushikilia chooni, wazee wamekaa chini ya mti wanaongea. Dada yangu alitaka kulipa siku hiyo hiyo. Ile ya Nakuru ukiingia unasikia harufu ya jikoni, viti vya plastiki, redio iko juu, na mama mmoja analalamika kwa sauti ati chai imechelewa. Mimi mwenyewe nilitoka hapo nikasema hapana.

Kile kilinibadilisha ni swali moja nililofundishwa na binamu yangu mwenye analea wazee Marekani. Aliniambia achana na taili, uliza nani ako macho saa nane usiku, na wazee wangapi hawawezi kujigeuza. Nikarudi nikauliza kila mahali. Kisumu usiku kuna walezi wawili, na wazee 9 hawajigeuzi. Nakuru usiku kuna mmoja macho na mwingine analala hapo ndani wa kuamshwa, na wasiojigeuza ni 3.

Kaa chini na kalamu. Kutoka saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa kumi, kila mzee wa kitandani anageuzwa mara tano. Kisumu, wazee 9 mara 5 ni 45. Kumgeuza mzee vizuri, uangalie nepi, ubadilishe kama imelowa, umpanguse, umwekee mto, kwa haraka ni dakika kumi na inataka watu wawili ndio usimburute ngozi kwa shuka. Hiyo ni dakika 450, yaani saa saba na nusu kati ya saa kumi, watu wote wawili mikono imejaa, na hapo hakuna mtu ameanguka, hakuna ametapika, hakuna anaita. Nakuru ni mara 15, dakika 150, saa mbili na nusu. Ukishaona hizo namba huhitaji mtu akwambie ni nani atageuzwa na ni nani ataandikwa tu kwa kitabu kwamba amegeuzwa.

Na kitabu chenyewe kiangalie. Omba uone chati ya presha ya mzee mmoja na jina lifunikwe. Kisumu nilionyeshwa ukurasa wa wiki mbili, kila asubuhi 120/80, 120/80, 120/80. Presha ya mtu wa miaka themanini haikai hivo, inapanda inashuka, hiyo ni kalamu imeandika bila mashine kufungwa mkononi. Nakuru chati ilikuwa chafu, imekatwakatwa, kuna siku imeandikwa 168/95 na pembeni "amepigiwa daktari saa nne", kuna siku mbili ziko wazi na nesi akasema ukweli kwamba mashine ilikufa betri. Mimi naamini hiyo chafu.

Swali la kuanguka liko hivo hivo. Uliza mwezi uliopita ni wazee wangapi walianguka. Mahali pana wazee 24 wakuambie hakuna hata mmoja tangu mwaka uanze, ujue ama wazee hawaruhusiwi kusimama ama kuanguka hakuandikwi. Jibu zuri ni la mtu anayekwambia alianguka mmoja, saa ngapi, akitoka choo, tulipigia familia baada ya muda gani, na tukabadilisha nini, pengine taa ama zile sandals zenye zimelegea.

Mwili wa mzee hauwezi kudanganya, na hapa ndio ningetaka usome polepole. Usiangalie mzee mwenye ameletwa sebuleni kukusalimia, huyo ameogeshwa saa hiyo. Omba kwa heshima umsalimie mmoja wa kitandani, umshike mkono. Kucha zikoje? Midomo imekauka imepasuka? Wazee hawasikii kiu kama sisi, mzee anaweza kaa siku nzima bila maji na asiitishe, halafu anaanza kuchanganyikiwa watu wanasema ni uzee. Kikombe kiko wapi, karibu na mkono wenye unafanya kazi ama upande uliokufa? Hilo la kikombe niliona Kisumu, mzee wa stroki kama ya mama, maji yako kwa meza ya upande mbaya na yamejaa hadi juu. Kinywa kimesafishwa? Uchafu wa mdomoni ukishuka kwa mapafu unaleta nimonia, hasa kwa mzee mwenye anameza vibaya. Alafu visigino. Watu wanafikiria kidonda ni matakoni tu lakini kisigino kinaoza kimya kimya chini ya blanketi. Nakuru nilipoinua blanketi (niliomba ruhusa kwa nesi na kwa mzee mwenyewe) nikapata mto umewekwa chini ya mashavu ya miguu ndio visigino vining'inie hewani visiguse godoro. Hakuna mtu alikuwa anajua nitainua. Godoro lenyewe lilikuwa la kawaida, si lile la hewa, na nikakumbuka tulivyokuwa tumenunua la hewa nyumbani na bado kidonda kikaja.

Wakati wa kutembelea: usiende Jumapili saa nane mchana. Nenda saa ya chakula, na mara ya pili nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi bila kupiga simu. Nakuru walifungua geti wakiwa na usingizi kidogo lakini walifungua. Kisumu askari alisema wageni ni kutoka saa nne, sheria ni sheria. Sawa, kila nyumba ina masharti, wazee pia wanahitaji utulivu wao, lakini kama mimi ndio nimemlaza mama hapo nataka kuweza kuingia. Saa ya chakula angalia mzee analishwa akiwa amekaa wima ama amelazwa na kijiko kinasukumwa. Anafaa kukaa wima akila na abaki hivo kama nusu saa baadaye. Angalia mlishaji amekaa ama amesimama juu yake akiharakisha wa pili. Kisha uliza wako na mizani na wanapima lini. Mzee wa kilo 60 akipoteza kilo 3 kwa mwezi mmoja hiyo ni asilimia 5 na ni jambo la kuita daktari, si la kusema ataongezeka tu. Kisumu chakula kilikuwa kizuri kuliko Nakuru, niseme ukweli, samaki mbichi, mboga za kienyeji, matunda kila siku. Nakuru ni maharagwe na kabeji sana mpaka tukaongea nao.

Dawa sitakaa nazo sana: kabati ifungwe, kila mzee na boksi lake lenye jina, insulini kwa friji, na nesi awe na leseni ya Nursing Council of Kenya yenye haijaisha muda, omba uone, nesi wa kweli hakasiriki ukiuliza. Mlezi si nesi na hiyo si makosa, makosa ni mlezi kuitwa nesi.

Mpaka hapo unaweza fikiria Kisumu ni mbaya. Hapana, na hapo ndio Baba Mkubwa anaingia.

Mtu wa kusahau anataka vitu vingine kabisa. Hahitaji kugeuzwa, anahitaji kutembea bila kupotea. Nakuru tulimpeleka siku nne za kujaribu. Vyumba vidogo, veranda ni hatua nane, geti iko barabarani, na kila jioni akianza kutafuta fimbo yake ya kwenda nyumbani mlezi wa zamu alikuwa anamrudisha kwa kiti, anamrudisha, anamrudisha, na siku ya tatu nikafika nikampata amefungwa na leso kiunoni kwa kile kiti. Walisema ni kwa usalama wake. Binamu akanieleza huko Marekani kuna sheria ya 1987 inayompa mzee wa nyumba hizo haki ya kutofungwa, iwe ni kwa kamba ama kwa dawa za usingizi, kama sababu ni kumwadhibu ama kurahisishia wafanyakazi kazi. Mimi sikuhitaji sheria ya Marekani, niliona uso wake. Hii ni nyumba ile ile yenye ilikuwa imeweka mto chini ya visigino.

Kisumu naye alipata nafasi. Kuna njia ya mzunguko kwa bustani, inaanza hapa inarudi hapa, mzee anatembea hata saa nzima na hafiki kwa geti. Mchana walezi ni wengi, na mmoja jioni kazi yake ni kutembea nao tu. Baba Mkubwa akisema anaenda kwao, yule kijana anamwambia twende basi baba, wanazunguka, wanaongea ng'ombe, wakirudi amesahau alikuwa anaenda. Kitu kingine niliuliza hapo ni dawa ya usingizi, nani anaruhusu na imeandikwa wapi, na ukiingia saa tano asubuhi ukute wazee wote wamelala kwa viti, vichwa chini, uliza hilo swali kwa nguvu zaidi.

Hali ya hewa pia isidharauliwe. Nakuru mwezi wa saba ni baridi ya kuuma, uliza maji moto ya kuoga ni kila siku ama ni ya wageni, hesabu mablanketi, gusa miguu ya wazee. Kisumu ni joto na malaria ya ziwa, kila kitanda kiwe na neti isiyo na matundu na dirisha linafunguka, na maji ya kunywa yazungushwe mara nyingi zaidi ya Nakuru.

Lugha ilituumiza kichwa. Nakuru hakuna mtu anaongea Kimaragoli, na mama akishikwa na uchungu Kiswahili kinamtoroka. Tuliandika kwa karatasi maneno kama ishirini, maji, uchungu, choo, baridi, nigeuze, tukaandika vile yanatamkwa na tukabandika juu ya kitanda chake, na mimi nikakaa na walezi jioni mbili nikiwafundisha. Imesaidia lakini haijamaliza. Kisumu kuna wafanyakazi wanaotoka Luanda na Vihiga, Baba Mkubwa anaongea na watu, na anajua Kijaluo cha soko tangu zamani.

Pesa: usiulize tu ya mwezi ni ngapi. Uliza nini haiko ndani. Mama anatumia nepi nne kwa siku, hiyo ni 120 kwa mwezi na kwa nyumba zote mbili ni zetu. Dawa ni zetu, daktari akiitwa ni sisi, gari la hospitali ni sisi. Nyumba moja ilitaka deposit ya miezi miwili, uliza inarudi namna gani mzee akifariki ama mkimtoa. Hakikisha SHA ya mzee, ile bima ya afya ya serikali, iko hai kabla ya kumhamisha, tangu ichukue nafasi ya NHIF mwezi wa kumi 2024 tumeona watu wanagundua wakiwa kwa dirisha la hospitali kwamba hawajalipa. Zile pesa za serikali za Inua Jamii, 2,000 kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70, zinasaidia na nepi lakini hazikaribii kulipa nyumba, na msikubali kadi ya mzee ikae na nyumba.

Tuliamua hivi. Mama akaja Nakuru, si tu kwa sababu ya hesabu ya usiku, ni pia kwa sababu mimi naishi dakika ishirini kutoka hapo na ninaweza kuingia asubuhi kabla ya kazi. Kama ningekuwa naishi Kisumu pengine ningewabana wale waongeze mtu wa tatu usiku na ningemwacha huko. Baba Mkubwa akaenda Kisumu, ndugu yangu wa Kakamega anamwona kila Jumamosi. Kuwatenganisha ilikuwa vigumu, walikuwa boma moja miaka hamsini, tunawapigia simu ya video na mama analia kila mara, hatujui kama ni furaha ama ni nini, lakini akikosa simu hiyo Jumapili hataki kula kwa hivo tunaendelea.

Kidonda cha mama kilichukua wiki kumi na moja kufunga. Nesi alikuwa anakipima na rula kila Jumatatu na kuandika, na Jumatatu mbili ambazo kilikuwa hakijapungua aliandika hivyo hivyo.